Wimbo Uitwao Coralie

"Sikuja kuomba kitanda, Filo. Nimekuja kuomba kaburi."

Philomène hakugeuka. Aliendelea kupaka chokaa kaburi la ukoo wao, brashi juu, brashi chini. Ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote, na nusu ya New Orleans ilikuwa makaburini na ndoo na maua meupe. Aliyesimama nyuma yake, kofia na maua mkononi, alikuwa Ozémé Labranche, mumewe wa ndoa ya kanisani, aliyekwenda Chicago kupiga piano akaahidi kurudi Pasaka. Aliondoka kijana mwenye masharubu meusi. Sasa alikuwa mzee, na kola ya shati ilikuwa imeizidi shingo.

"Kaburi gani?" akauliza.

"Hili."

Brashi ikasimama.

"Labranche, humo ndani hakuna mwenye chumba chake. Akiingia mpya, mifupa ya wa zamani inasukumwa nyuma, inachanganyika. Baba yangu yumo, mama yangu yumo, na mimi nitaingia. Unataka mifupa yako ichanganyike na yangu?"

"Hicho ndicho ninachotaka."

"Mimi sitaki. Nenda ukachanganyike na Coralie."

"Coralie aliolewa na daktari wa meno zamani sana."

"Kumbe alikuwa na akili kunizidi."

Kwenye makaburi ya jirani watu walikuwa wameacha kusugua, wametega masikio. Ozémé akasema kwa sauti ya chini kwamba moyo wake umechoka, madaktari wa Chicago wamemwambia asipange mambo ya mbali, na yeye hataki kuzikwa kwenye baridi ile. Akaweka maua yake chini, akavaa kofia, akaondoka. Philomène akayaokota yale maua, akayapeleka kwenye kaburi la tatu, la mtu asiye na ndugu.

Sasa msimdhanie Labranche kuwa mtu mdogo. Kabla neno jazi halijazoeleka midomoni, yeye alikuwa anaipiga. Mjini kwao piano ilihesabiwa kazi ya wasichana. Mwanaume alipewa tarumbeta atembee nayo barabarani. Ozémé akakaa kwenye piano akawanyamazisha wote. Mkono wa kushoto ulitembea taratibu, mzito, haukosei njia. Wa kulia ulisimulia, ukauliza, ukajijibu, wakati mwingine ukacheka peke yake. Wenzake walisema Labranche ana watu wawili ndani ya koti moja. Walimwita Profesa, na hapo hakuwa amemaliza hata shule ya masista.

Na katika nyimbo zake zote, uliompa jina duniani ni mmoja. Ulirekodiwa Chicago, mwaka wa pili tangu aondoke. Santuri ilipofika New Orleans, dada yake Philomène, Églantine, aliileta mbio, akidhani anamletea habari njema. Philomène akasoma karatasi ya katikati. Imeandikwa jina la mumewe, na juu yake jina la wimbo: Coralie.

Habari za huyo Coralie zilikuwa zimeshafika mtaani, si unajua mambo ya watu. Philomène aliivunja ile santuri kwenye goti lake kabla haijapigwa. Tangu siku hiyo hakuwahi kuusikiliza ule wimbo. Ukianza redioni, anazima. Ukianza kwenye harusi ya watu, anachukua kofia yake na kutoka, hata kama keki haijakatwa. Wanamuziki wa mtaa wa Tremé walimjua. Akiingia yeye, wimbo unabadilishwa katikati.

Akamlea binti yao kwa cherehani. Binti naye akaolewa, akahamia California na mumewe, akamwachia mama yake mjukuu mmoja, Odile, amalizie masomo ya muziki. Huyu Odile alikuwa na miaka ishirini na mbili na mdomo usiojua breki, na alipiga piano kwa mikono ya babu yake. Hayo hayakutoka chuoni. Vidole vilikuja hivyo.

Jioni ya siku ile ya makaburini, maneno yalikuwa yameshamfikia.

"Bibi, umemkatalia mtu kaburi?"

"Nimekataa kulala na mwongo mpaka siku ya ufufuo."

"Wapiga piano wote vijana wa mji huu wanamwiga yeye. Chuoni tunafundishwa yeye. Wewe peke yako hujawahi kusikiliza hata..."

"Odile, vyombo haviwezi kujiosha."

Mazungumzo yakafia hapo. Lakini mjukuu alikuwa na akili za bibi yake, akasubiri.

Siku ya tatu alikuja bibi harusi mtarajiwa, Verna Duplantier, kupimwa gauni. Philomène akampandisha juu ya kigoda, akapiga magoti kwenye pindo na pini saba mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kufoka, na fundi aliyeshika pindo la hariri ya mteja haliachi likaburuzika. Odile alilijua hilo. Akaenda sebuleni, akafunua piano, akaanza Coralie.

"Mmmh!" Philomène akatoa sauti ya puani.

"Ah, naupenda huu," akasema Verna, hana habari.

Odile hakusimama. Mkono wa kushoto ukaanza kutembea. Philomène akachoma pini moja, akachoma ya pili, amekaza shingo. Kisha wimbo ukafika pale ambapo unapanda. Kila sikio lilingojea noti moja, ile sol ya katikati, na wimbo haukuigusa. Ulifika mlangoni pake, ukapinda, ukaipita kwa noti mbili za pembeni, upesi na kwa adabu, ukaendelea. Ukarudia. Mara ya pili ukapinda vilevile, na mara ya tatu.

Mikono ya Philomène ikaacha kufanya kazi.

Aliijua ile sol. Aliiua yeye mwenyewe. Alipokuwa mtoto alimwaga sharubati ya miwa ndani ya piano ya mama yake, na kibonye kile kikanyamaza moja kwa moja. Baadaye Ozémé alipoanza kuja kuposa, alikuwa anapiga piano ile ile, jioni za Jumapili, mama yake Philomène amekaa katikati yao na rozari. Kijana akawa anagonga kibonye kilichokufa, anagonga tena. Mama akamwambia, "Kijana, hapo pana maiti. Pitia pembeni." Wakacheka wote watatu. Na kuanzia hapo Ozémé akapitia pembeni.

Piano yenyewe ilioza mwaka ule maji yalipoingia nyumbani, ikatupwa. Mama alikuwa ameshafariki. Sasa hakuna mtu aliye hai chini ya jua aliyeijua ile sol isipokuwa wao wawili.

"Madame, umenichoma," akasema Verna.

Philomène akatema pini kiganjani. Akamwomba radhi, akamshusha, akamwambia arudi kesho. Odile alikuwa amesimama mlangoni, anaogopa.

"Pale unaporuka," Philomène akamuuliza, "kwa nini unaruka?"

"Ndivyo ulivyo, Bibi. Ndiyo sanaa yake. Maprofesa wameandika kurasa nzima kuhusu pale. Kila anayepiga nyimbo za Labranche anachechemea pale."

"Maprofesa wamesema ni kwa nini?"

"Kila mmoja na lake."

Usifikiri Philomène alilia kwa furaha. Alishikwa na hasira mpya, kubwa kuliko ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa ya mke aliyeachwa. Sasa alijua kwamba alichopewa yule mwanamke kilikuwa chake yeye. Akaenda kwenye simu, akapiga kwenye nyumba aliyopanga Ozémé, ambayo mtaa mzima ulikuwa umeshaijua, akamwambia mwenye nyumba amwite.

"Haloo?"

"Labranche. Ile sol iko wapi?"

Alisikia pumzi zake, nzito, zikija na kuondoka.

"Filo," akasema mwishowe, "umeusikiliza?"

"Nimekuuliza iko wapi."

"Iko kwa mama yako."

Akakata simu. Akavaa kofia. Jikoni kulikuwa na gambo, mchuzi mzito wa bamia na kamba. Akajaza chungu kidogo, akajiambia kwamba ni kwa ajili ya mwenye nyumba, maana mtu haingii nyumba ya watu mikono mitupu.

Alimkuta amekaa kando ya kitanda, blanketi mabegani. Juu ya kiti palikuwa na sahani ya chakula cha mchana, haijaguswa. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia mlangoni kwamba mzee huyu hali chakula, anakisukuma tu huku na huku. Philomène akammiminia Ozémé gambo kwenye bakuli, mwenye nyumba akala nyingine jikoni. Hakumkaribisha ale. Alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Ule wimbo ulitungwa wapi? Nataka kukusikia ukisema."

"Sebuleni kwenu. Umekaa dirishani na gauni la kijivu. Mama yako anahesabu rozari, mimi nahesabu wewe umenitazama mara ngapi."

"Na jina?"

Ozémé akatazama mikono yake. Bado ilikuwa mizuri, ile mikono.

"Tulimaliza kurekodi. Bwana wa santuri akauliza, wimbo unaitwaje? Haukuwa na jina. Kichwani mwangu ulikuwa unaitwa Filo, basi. Coralie alikuwa amekaa pembeni, ameshika koti langu. Nikamtazama usoni, nikaona nikitaja jina lako, jioni ile itakuwa ndefu. Nikasema Coralie."

"Kwa ajili ya jioni moja."

"Jioni moja."

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko kama angeambiwa kwamba alimpenda yule mwanamke kupita kiasi. Mapenzi makubwa angeyaelewa, hata angeyaheshimu. Lakini uoga wa jioni moja, ukamla yeye ujana wote!

"Piano za Chicago zilikuwa nzima," akasema. "Kwa nini hukuirudisha?"

"Nilijaribu. Watu waliniambia niirudishe, wimbo utanyooka. Lakini nikiigusa tu, Filo, nyumba ya mama yako inaondoka. Nabaki Chicago. Kwa hiyo nikawa napita pembeni kila usiku, miaka yote, mbele za watu. Wao wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekuja kukuona."

"Ungeandika barua."

"Niandike nini? Kwamba nilikupenda nikakutoa kwa bei ya jioni moja? Mtu akiandika hivyo lazima aifuate barua yake kwa miguu. Mimi sikuwa na uso."

Philomène akatoa leso, akafuta macho waziwazi, hakujificha. Akamwambia kwamba alimchukia vizuri sana, kwa bidii, kama mtu anayelipwa mshahara. Kwamba alimchukia hata usiku binti yao alipojifungua Odile, alipotamani kuwe na mtu wa kumwambia, "Mtazame vidole." Ozémé alisikiliza yote. Hakujitetea hata kwa neno moja. Philomène alipomaliza, Ozémé akamwambia kwamba Jumatatu wanakuja vijana wa chuo kikuu na mashine yao, wanataka apige nyimbo zake zote na kuzieleza kabla hajaondoka duniani.

"Nitawaambia jina lake la kweli," akasema. "Liandikwe upya. Philomène."

Hilo ndilo Philomène alilokuwa akilitamani miaka yote, na sasa lilikuwa mbele yake.

"Mwachie," akasema.

"Filo..."

"Mwachie jina. Hakupata kingine. Mimi nimesikia leo mambo ambayo yeye alikaa pembeni, ameshika koti, na hakuyasikia."

Ozémé akainamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye blanketi. Philomène alimwacha alie. Barabarani chini mtu alikuwa anajaribu tarumbeta, anaanza, anakosea, anaanza tena. Hapo ndipo Ozémé alipouliza kama bado jibu la makaburini ni lile lile.

"Églantine alifariki," Philomène akasema. "Uliambiwa?"

"Sikuambiwa. Pole. Alikuwa ananipenda, yule."

"Alikuwa peke yake. Tulimwingiza kaburini mwetu Machi hii iliyopita. Na kaburi likishafungwa, halifunguliwi mpaka upite mwaka na siku moja. Ndiyo desturi. Hata askofu mwenyewe akifa."

"Najua."

"Kwa hiyo ukinifia Krismasi hii, watakuweka kaburi la kukodi na watu usiowajua, na mimi sitaweza kufanya lolote."

Akainua uso. "Filo, unaniambia nini?"

Philomène akaiondoa ile sahani ya mchana, akaweka bakuli la gambo magotini pake, akampa kijiko.

"Nakwambia Machi ni mbali. Kula."

Ozémé Labranche akala. Alikula polepole, na Philomène hakuondoka kwenye kiti mpaka alipomaliza.