Kushoto Arobaini na Nne

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya hospitali, saa ya chai. Msichana alivaa gauni la kijani lililonyooka kwa pasi. Kijana aliyemtangulia alikuwa bado na viatu vya plastiki vya chumba cha upasuaji, tone la damu limekaukia kwenye ncha, na alichagua mkate kwa kuubonyezabonyeza.

"Kaka, unatia kinyaa."

"Asante. Mimi ndiye Fundi Pampu. Na wewe Dada Vibandiko, au nimekosea?"

Msichana alicheka bila kupenda. Ndivyo ilivyoanza.

Mgonjwa anapopasuliwa moyo kupitia tundu dogo la ubavuni, mashine ya Fundi husukuma damu badala ya moyo. Dada humbandika vibandiko viwili kwenye paji la uso, na mashine yake husoma kwa namba kama damu inafika kwenye ubongo, kushoto na kulia. Namba ikianguka chini ya hamsini na kukaa huko, mtu anaweza kuamka hajui jina lake.

Ilipita miezi minne ya simu na "umekula, mpenzi?" Kisha ikaja zamu ya mwalimu mstaafu kupasuliwa.

"Kushoto hamsini," Dada alisema. "Arobaini na nne!"

King'ora kikalia. Fundi akanyoosha mkono, akakizima kwenye mashine ya Dada, taya zikiendelea kutafuna chingamu chini ya barakoa. Neno hakutoa. Baadaye namba ilipanda, lakini Dada alikusanya nyaya zake na kutoka bila kumtazama.

Jioni simu iliita mara sita ndipo akapokea.

"Mpenzi, mbona kimya?"

"Usiniite mpenzi! Ubongo wa mtu unakosa damu, wewe unazima king'ora kama saa ya kukuamsha? Nikikumbuka mkono huohuo umenishika nywele, nataka kutapika."

"Hebu nisikilize..."

Akakata.

Siku ya tatu kikao cha timu ya upasuaji kilipitia karatasi za mashine zote mbili. Dada alisoma, akarudia kusoma. Fundi alikuwa ameongeza damu inayosukumwa na pampu dakika nzima kabla ya kuzima kelele. Mwalimu naye alikuwa wodini, akimsahihishia nesi tarehe.

Dada alimfuata Fundi koridoni. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nafanya."

"Ukifanya kimyakimya mimi nitajuaje? Na mashine yangu usiiguse tena. Sema kwa sauti, la sivyo mimi na wewe basi."

Upasuaji uliofuata, kushoto kulishuka tena.

"Naongeza damu!" Fundi alipaza sauti mpaka daktari akauliza kama wako sokoni. "Dada, zima king'ora, tafadhali."

"Nazima. Kushoto hamsini na tano. Sitini na mbili."

Walipotoka, Fundi alisimama kwenye sinki, glavu zilizolowa bado mkononi, akasema kwa sauti ileile:

"Nataka kukuoa!"

Manesi wawili waligeuka. Dada alitazama zile glavu, kisha vile viatu. Tone la miezi minne bado lilikuwepo.

"Sawa," alisema. "Lakini kanawe kwanza."