Kamba Iliyopakwa Mafuta ya Kondoo

Nikodemu alikuwa ameteremka kama nusu ya ukuta wa mwamba pale kamba ilipoanza kumponyoka. Selina, mdogo wake, alikuwa ameshatangulia, amesimama chini yake kwenye kibao cha jiwe, shingo kaipinda kumtazama. Akaona mkono wa kulia wa kaka yake ukikaza, ukikaza tena, na kamba ikipita tu katikati ya vidole kama mlenda. Kile chuma chenye umbo la nane kilichoning'inia kiunoni mwake, ambacho kazi yake ni kuibana kamba, hakikubana kitu. Hakupiga kelele. Alikuja kwa mfululizo, mgongo ukikwaruza jiwe, akatua kwa mguu mmoja, na mguu ule ukalia kama kuni kavu.

Kibao chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja na urefu wa hatua saba. Juu yao palikuwa na mita ishirini na tano za mwamba mtupu. Chini palikuwa na korongo lenye kina mara mbili ya hapo, migunga yake ikionekana midogo kama matuta ya mchicha. Ilikuwa saa nne asubuhi, ng'ambo ya kijiji cha Piyaya, mahali ambapo tumbusi hujenga viota vyao kwenye majabali na watu hawana sababu ya kufika.

Selina alimvuta kaka yake hadi ukutani, akamkata suruali kwa kisu. Mfupa wa ugoko ulikuwa umetokeza, mweupe, wenye unyevu. Akachomoa vyuma viwili vya mgongo wa begi lake, akachana kitenge chake vipande, akaufunga mguu kuanzia kwenye goti hadi kisiginoni.

"Unavihisi vidole?"

"Viwili," alisema Nikodemu. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. "Kile kikubwa na jirani yake. Wengine wamehama."

Alipomaliza kufunga, Selina alipeleka mkono usoni kujifuta jasho, na hapo ndipo alipoinusa. Harufu ya kondoo. Akaitazama kamba iliyokuwa inaning'inia mbele yao. Jua lilikuwa limeshaufikia mwamba, na kamba ilikuwa inang'aa.

Wale ndugu wawili walikuwa watoto wa kijiji cha Buger. Kwa miaka sita walikuwa wakiondoka Karatu na watalii wa kutembea kwa miguu, Selina akipika, Nikodemu akibeba mahema. Walitaka kupanda daraja, wawe waongozaji wa kamba, wanaowateremsha watalii majabalini, kwa sababu anayejua kamba hulala kwenye hema na anayebeba hema hulala popote. Vifaa vipya waliviona Arusha kwenye kioo cha duka, wakaulizia mara moja, hawakuulizia tena. Wakavipata mnadani Karatu, kwenye marundo ya mitumba, katikati ya makoti na viatu vya mpira: mikanda miwili ya kupandia, helmeti moja yenye ufa, na kamba ndefu ya buluu. Mafunzo yalikuwa Moshi, siku tatu. Fedha yao ilitosha siku ya kwanza, nayo ilikuwa siku ya mafundo na kuteremka, na mazoezi yake ndiyo waliyokuja kuyafanya huku. Utunzaji wa vifaa ulikuwa somo la siku ya tatu.

Kamba ile ilikuwa ngumu, imekaa juani kwa mtu asiyeijua thamani yake. Basi Selina akaifanyia alichomwona marehemu baba yao akizifanyia kamba za ngozi za kufungia ng'ombe. Aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akakaa nayo jioni tatu mfululizo, akiikanda shibiri kwa shibiri hadi ikalainika kama utumbo. Nikodemu aliishika akasema ingekuwa baba yupo, angempa ng'ombe. Asubuhi ile, wakati wa baridi, mafuta yalikuwa yameganda, na Selina, ambaye ni mwepesi, aliteremka salama. Kaka yake aliteremka jua likiwa limeshayayeyusha.

Hayo yote aliyajua Selina kwa mnuso mmoja. Akafunga mdomo.

Maji yalikuwa chupa moja, lita na nusu. Mengine yalikuwa juu kwenye mzigo, pamoja na simu ya Selina, ambayo hata hivyo haikuwa na mtandao. Ya Nikodemu, iliyokuwa na video zote walizojifunzia, ilikuwa imevunjika chini ya paja lake. Mwenyeji wao, Supeet, Mmasai wa Piyaya, alikuwa amewapeleka punda wake kunywa maji kwenye chemchemi ya mbali, na makubaliano yalikuwa arudi keshokutwa adhuhuri. Alipowaacha aliwacheka, akauliza Wambulu kama wao wanashuka kwenye nyumba ya tumbusi kutafuta nini, au mbuzi wao ameanguka.

Kupanda kulikuwa na njia moja. Vitanzi viwili vya kamba nyembamba huzungushiwa kwenye kamba kubwa. Ukikikalia kimoja kinabana, unasogeza kingine juu, hivyo hivyo kama kiwavi. Selina alivifunga, akakalia cha kwanza. Kikateleza mpaka chini. Akazungusha mara nne badala ya mbili, kikateleza tena, polepole zaidi, kana kwamba kinamdhihaki. Hadi saa kumi alikuwa hajapanda hata urefu wake mwenyewe, na viganja vilikuwa vimechunika. Tumbusi wawili walikuja kutua upande wa pili wa kibao. Waliwafukuza kwa mawe, wakarudi, wakafukuzwa, wakarudi wanne.

Usiku ulikuwa baridi tu na meno kugongana. Kulipokucha mguu wa Nikodemu ulikuwa umevimba, umekuwa na rangi ya bilinganya, na haukuwa na harufu nzuri. Kidole kikubwa nacho kilikuwa kimehama. Maji yalibaki chini ya nusu chupa. Akaanza kuzungumza Kiiraqw, lugha ya kwao, na mtu ambaye hayupo, akimwambia afungue zizi. Selina akahesabu: Supeet ni kesho adhuhuri, na hata akija, atasimama juu achungulie, afanye nini? Kufika kesho kwenyewe kaka yake hatafika. Alikaa karibu naye muda mrefu bila kufanya kitu, mikono mapajani. Hakusali. Aliona hana uso wa kusali.

Kilichomwinua ni tumbusi. Mmoja alisogea akaegemea kamba, akapiga mabawa, na vumbi la kibao likatimka likagandia kwenye mafuta. Pale vumbi liliposhika, kamba haikung'aa.

Akachota vumbi, kavu, laini kama majivu, lililochanganyika na kinyesi cha ndege. Akalipaka kwenye kamba, akasugua kwa kipande cha kitenge kwa nguvu zake zote, akapaka tena, akasugua tena. Kitanzi kilibana. Akajaza vumbi kwenye kofia, akaifunga shingoni. Chupa ya maji akaiweka kwenye kiganja cha Nikodemu, akavikunja vidole vyake juu yake. Kaka yake alimtazama, akamtambua.

"Usiangalie chini," Nikodemu alimwambia.

Akapanda. Paka, sugua, sogeza, kalia. Damu ya viganja iliingia kwenye vumbi ikawa tope, na tope linateleza, hivyo akawa anashikia kwa mikono ya sweta. Mita ya kumi vitanzi vyote viwili viliachia, akarudi chini kama mita nne kabla havijashika, bega likagonga jiwe. Alining'inia pale akisikia mtu akilia, kisha akatambua ni yeye. Kofia ilipoisha vumbi alikuwa amebakiza urefu wa mlango. Sehemu ile aliipanda kwa kucha na magoti, na ukingoni alijikokota kwa kidevu.

Alikunywa maji ya kwenye mzigo, akatapika, akanywa tena kidogo kidogo, kisha akafuata nyayo za punda. Jua lilikuwa linaegemea milima alipomkuta Supeet chemchemini. Yule bwana aliona ile mikono na hakuuliza habari ya mbuzi. Alienda bomani, akarudi na wanaume sita na kamba zao za ngozi.

Alfajiri walikuwa ukingoni. Wanaume walikuwa tayari kuvuta, lakini hakuna aliyejua mikanda ile inafungwaje, na Supeet alisema wazi hayo madude hayaamini. Basi Selina aliteremka tena, mikono imefungwa matambara, wanaume wakimshusha taratibu kwa kamba za ngozi. Alipotua aliwakuta tumbusi saba. Nikodemu alikuwa ameishika chupa kwa shingo, kama rungu. Alikuwa anapumua.

Walimvuta kama ndama aliyetumbukia kisimani. Alipiga kelele mara moja tu, kisha akazirai, na hiyo ilikuwa nafuu kwa wote. Machela ilitengenezwa kwa shuka za kimasai, gari likapatikana Piyaya, na barabara hadi Karatu ilikuwa siku nzima ya mashimo na vumbi. Hospitalini daktari aliuangalia mguu kwa dakika chache tu. Waliukata juu ya goti.

Siku ya nne baada ya hapo Selina alikaa kando ya kitanda, mikono yake miwili ikiwa mafurushi meupe ya bandeji. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, yakabaki machache. Akamweleza habari ya mafuta ya kondoo, jioni tatu, shibiri kwa shibiri.

Nikodemu alikuwa anatazama dari. "Nilijua," alisema. "Tangu kule kwenye kibao. Mkono wangu ulikuwa unanuka."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Ningesema, ungepanda na mikono gani?"

Nje, muuguzi alikuwa anaita namba za wagonjwa. Nikodemu alijaribu kujigeuza upande, mguu ambao haupo ukamzuia, akabaki vilevile chali, macho yamejaa.

"Sasa nenda nje kidogo, dada," alisema. "Kule nilikuwa sina nafasi. Niache nikasirike."

Selina akatoka. Akafunga mlango kwa kiwiko, akakaa kwenye benchi la barazani, akamsikiliza kaka yake akianza kupiga ngumi kwenye ukuta, na hakuingia.