Kaske Iliyopumua

Hadi leo hakuna anayejua kama kilichokuwa kikipumua ndani ya kaske ya Bulaimu, kofia yake ngumu ya pikipiki, kilikuwa jini au marehemu. Mtaa mzima wa Mikelenge una maoni, kila nyumba na yake. Bulaimu mwenyewe akiulizwa huvua miwani, huitazama, kisha huirudisha machoni.

Alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki katika mtaa wa Kasuku. Bila miwani hakuweza kutofautisha mbuzi na mtoto barabarani, na bila kioo cha kaske mvua ilimchapa usoni. Alivaa vyote viwili, na asubuhi za baridi vyote viwili vilijaa ukungu wa pumzi yake. Wenzake walimwita Vitrini, yaani kioo cha duka.

"Vitrini, leo unaona njia, ao unaisikia tu harufu?" rafiki yake Onema alimtania. Kisha akamhurumia. "Tafuta sabuni, ile ya zamani yenye ilikauka. Pakala kidogo ndani ya kioo, pangusa na kitambaa mpaka isionekane tena. Usitie mayi, iwe kavu tu. Ukungu hautashika."

Sabuni ya jikoni ilikuwa laini, imelowa. Bulaimu akaingia chumbani kwa mama yake, Mwanahamisi, akapapasa juu ya ukuta chini ya bati, akapata kipande kilichofungwa katika kitambaa cheupe. Kilikuwa kigumu kama jiwe. Akapaka kioo, akapaka na miwani, akakirudisha mahali pake.

Kwa siku kadhaa aliona vizuri kuliko wakati wowote. Mvua ilinyesha, vioo vikabaki safi, na Onema akajisifu kituo kizima.

Kisha ukungu ukarudi, lakini si pale pumzi ya mtu inapogonga. Ulianzia juu, usawa wa paji la uso, ukiwa na upana wa mdomo. Bulaimu alipotoa pumzi, ulipungua. Alipojizuia kupumua, ulikua.

Adhuhuri moja alikuwa nyumbani na mkewe Rehema, aliyekuwa akichambua mchele. Kaske ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Kioo chake kikajaa ukungu, kikatakata, kikajaa tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikaingia chumbani.

"Uliigusa?" Bulaimu aliuliza.

"Sijaigusa. Nyamaza, sikiliza." Rehema aliweka ungo chini taratibu. "Inapumua. Toka pale. Usiigeukie mugongo, njoo tu."

Kesho yake aliiacha kaske na kuvaa miwani peke yake. Kila alfajiri alimpeleka Rehema sokoni na kikapu chake, na njia yao iliteremka kuelekea mtoni. Hapo kwenye mteremko Rehema akasikia pumzi ya tatu, katikati ya kifua chake na mgongo wa mumewe, mahali ambapo hata mkono haukuweza kupita, na kabla hajasema neno miwani ya Bulaimu ikawa nyeupe, akaifuta kwa kidole gumba na weupe haukutoka, akajaribu kuivua ikashika masikioni kana kwamba mtu ameibana kwa viganja viwili baridi, na pikipiki ikaendelea kushuka, na udongo ule ukanuka hadi kooni, na yeye hakujua tena barabara iko wapi wala mto Lualaba unaanzia wapi, mpaka Rehema alipomkumbatia kiunoni na kujitupa ubavuni pamoja naye. Kikapu kilibingirika hadi majini. Gurudumu la mbele lilibaki likizunguka ukingoni.

Mwanahamisi aliwaona wakiingia na magoti yaliyochubuka. Bulaimu akamweleza yote, mpaka sabuni. Mama yake akakaa chini.

"Ile sabuni ilikuwa na mwenyewe," alisema.

Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, chumvi na sabuni haviingii, mdogo wake Mwanahamisi, Ramla, alikufa kwa homa. Mwanahamisi ndiye aliyekuwa akiosha wanawake wa mtaa wakifariki. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba sabuni, na alipoipata risasi zilikuwa zimeanza barabarani. Aliporudi, wanaume walikuwa wamemzika Ramla haraka, wamempangusa kwa udongo badala ya maji, kama dini inavyoruhusu njia ikikosekana. Hakuna aliyekosea. Lakini Mwanahamisi hakuweza kuosha vyombo kwa sabuni iliyokwisha kupata mtu wake.

Mwalimu Yusufu, anayesomea watu waliopandwa na majini, alikuja baada ya sala ya alasiri. Akaisomea kaske mpaka sauti ikakauka. Ukungu ulijaa na kutoka, haukuharakisha, haukupungua.

"Kama ni jini, hanisikii," alisema kwa sauti ya chini. "Kama ni Ramla, kumufukuza si haki. Mi siyui, mama. Turudishe tu sabuni kwa mwenyewe."

Basi ikaamuliwa: kaske na miwani vioshwe kama anavyooshwa mwanamke aliyekufa, kwa sabuni ile ile mpaka iishe, na maji yake yafukiwe.

"Bulaimu, utatoka inje," Mwanahamisi alisema. "Ule ni mwanamuke."

Lakini mikono ya Mwanahamisi ilitetemeka kwa uzee na haikuweza kushika kitu cha mviringo chenye utelezi. Alibaki Rehema, ambaye katika matanga yote hukaa barabarani mpaka jeneza litoke, kwa kuogopa maiti.

"Mama, ninaogopa."

"Hata mi ninaogopa, mwanangu. Nitamwaga mayi. Wewe anzia kuume."

Bulaimu alisimama nje ya kitenge kilichotandazwa kwenye kamba. Alisikia maji. Alimsikia mama yake akielekeza, sasa kushoto, tena kuume, na kati ya pumzi zao mbili akasikia ile ya tatu, ikirefuka, ikichelewa kurudi. Mikono ya Rehema ilisugua mpaka sabuni ikaisha, na pumzi ya tatu haikurudi. Kisha kioo cha kaske kikashushwa, tak.

"Nimemufunga macho, mama," Rehema alisema.