Meno Kwenye Dhahabu

Chumba kilikuwa nyuma ya posho mill, na kilinuka vumbi la mahindi na soksi za Wachira. Wachira aliitupa medali bandia mezani. Fundi wa jua kali alikuwa ameichonga kwa chuma, akaipulizia rangi ya dhahabu, akaifunga utepe.

"Uzito?"

"Sawa," Kiplimo alisema.

"Utepe?"

"Sawa."

"Kuna kitu hujaniambia?"

"Hakuna, buda."

Kilikuwepo. Lakini hata kukitaja kulimchefua Kiplimo.

Makumbusho ya selfi, ukumbi ambao watu hulipa ili wapigwe picha, yalikuwa ghorofa ya juu, katikati ya Eldoret, na likizo hii ya Desemba yalijaa wageni. Watu wazima na akili zao wanalala kwenye beseni la mipira ya plastiki. Wanabusu ng'ombe wa plasta. Chumba cha mwisho wanapanda jukwaa la washindi, wanavishwa medali ya kweli ya Mzee Eliakim, ile aliyoshinda ng'ambo akiwa kijana. Kisha, kama mabingwa wanavyofanya wakipigwa picha, wanaiuma. Kila mmoja wao! Wazee wenye meno ya kubandika, watoto wenye chipsi mdomoni, wanawake wa lipstiki nzito. Mzee anaifuta kwa kitambaa kilekile tangu asubuhi, anamvisha mwingine. Ptu! Midomo ilipofunguka, Kiplimo aligeuza uso. Ndiyo maana alimpelekea Wachira habari za ngazi, askari wa mlangoni na kamera, akaacha habari za meno.

Mzee Eliakim ndiye aliyemfundisha kukimbia kule kijijini Ziwa. Goti la Kiplimo lilipovunjika, wengine walimsahau. Mzee aliendelea kumwita kijana wangu. Sasa mikono ya Mzee ilitetemeka, akamwomba Kiplimo amsaidie kuwavisha wageni. Mzee hakuwa na kitu kingine cha kumtoa nyumbani ila medali hiyo. Kiplimo alilijua hilo vizuri sana. Lakini tangu goti liharibike alikula na kulala kwa Wachira, na Wachira hakuwa mtu wa kukuacha usahau sahani ya ugali aliyokupa.

"Kesho," Wachira alisema. "Mtu wa Nairobi anaingoja. Ukiniangusha, utanijua."

Jumamosi, saa nane mchana.

Wachira alisimama kwenye foleni, kofia nyeupe, simu mkononi, mgeni kama wageni wengine. Nyokabi, msichana wao wa kazi chafu, alijifanya anatafuta pozi. Akaipiga teke taa ya kupigia picha. Kioo kikatawanyika.

"Woi! Pole, guka! Pole, babu!"

Mzee aliinama kuokota vipande watoto wasikanyage. Ni mtu wa namna hiyo. Kiplimo akabadilisha medali. Ya kweli ilipita nyuma ya mgongo wake, ikatua kiganjani mwa Wachira. Nyokabi akayeyuka. Wachira akakonyeza jicho, akaanza kutoka pole pole.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Akapanda jukwaa. Akauma.

"Phuu! Ni nini hii?"

Uso wake ukatokea kwenye skrini kubwa ukutani, kama picha za wote zilivyotokea, na meno yake ya mbele yalimeta rangi ya dhahabu. Kwenye medali chuma kilionekana, cheusi.

"Hii ni feki! Nimelipa nije nilambe rangi?"

Wachira alikuwa mlangoni. Aligeuka, akaelewa kabla ya mtu yeyote.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Ni huyo anayewavisha watu! Mshikeni!"

Wakamshika Kiplimo. Mwingine akampiga usoni kwa stendi ya kamera, nyusi ikapasuka. Waliobaki waliinua simu. Msichana mmoja alimpa mgongo, akanyanyua simu juu, akabinua midomo ili yeye na damu waingie picha moja. Kiplimo alimwona, akajiona na yeye mwenyewe kwenye kioo cha simu ile, na hakujua nani anamtia kinyaa zaidi.

"Wacheni!"

Mzee Eliakim alipenya, akamkumbatia mbele ya watu wote. "Huyu nimemlea mimi. Hawezi. Mtu asimguse!"

Mikono ikalegea. Kofia nyeupe ilikuwa tayari kwenye ngazi. Kunyamaza tu kungetosha. Angenyamaza, angetoka hapo akiwa kijana wa Mzee, na Mzee angeenda nyumbani mikono mitupu.

"Iko kwa yule wa kofia nyeupe," Kiplimo alisema. "Anaitwa Wachira. Mimi ndiye nimempa."

Askari wa mlangoni aliruka ngazi. Kishindo kikasikika, tusi, kisha kilio cha Wachira. Askari akarudi na medali, akaiweka mkononi mwa Mzee.

Mzee hakuitazama. Alimwachilia Kiplimo, akarudi nyuma hatua, akaangalia damu ya kijana ilivyomchafua shati na viganja.

"Mzee..."

"Nani ana maji?" Mzee Eliakim aliwauliza watu. "Nataka kunawa mikono."