Bati Lisilo na Maua

Asubuhi nyumbani kwa Mama Pacha huanza na kelele mbili. Ya kwanza ni ya pacha wake, wakigombania kiatu kimoja. Ya pili ni nyundo ya mumewe uani: ko! ko! ko!

Mumewe ni fundi wa ndoo. Yeye hukata bati na kuligonga. Mama Pacha hukunja mishono na kupaka rangi. Ndoo zao hazivuji, na mtaa mzima unajua hivyo.

Asubuhi hiyo nyundo ilikuwa kimya. Mama Pacha alitoka uani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshika gauni lake. Alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda, anayatazama mabati yaliyoegemezwa ukutani.

"Hayatoshi," fundi alisema. "Kliniki inataka ndoo arobaini. Bati moja linanipa ndoo sita. Mabati ni matano. Basi nitaishia thelathini."

"Si tununue mengine?"

"Dukani yamekwisha. Mzigo mwingine utafika lini, hata mwenye duka hajui."

"Tumwombe muuguzi atusubiri."

"Atusubiri vipi, Mama Pacha? Wagonjwa wanahitaji maji. Atanunua kwingine, na akishazoea huko ndiyo basi tena." Fundi alishusha pumzi. "Kazi hii ikitupita, nitakwenda kiwandani anakofanya kazi kaka yangu. Nitakuwa nakuja nyumbani mara mojamoja."

Kiwanda kile kilikuwa mbali sana. Na pacha ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kutamka "baba".

"Hodi humu! Jamani, mtoto huyo!"

Alikuwa jirani yao, fundi cherehani. Watoto humwita Shangazi. Pacha aliyeachwa chini alikuwa ameokota kipande cha bati kwenye rundo la mabaki, anakipeleka mdomoni. Shangazi alimwahi, akamnyang'anya taratibu. Kisha akakigeuzageuza kile kipande, akalitazama na rundo zima.

"Shemeji, umepanda mabati uani yaote?"

"Hayo ni mabaki tu, dada."

"Mabaki makubwa hivi? Yangekuwa ya kitambaa, hapa ningetoa kola mbili na mfuko."

Fundi akacheka kwa mbali. "Cherehani na nyundo, wapi na wapi?"

"Wote tunakata. Mkasi ukiteleza, wewe unalia na mimi nalia. Hebu nionyeshe unavyochora kabla ya kukata."

Fundi alilaza bati moja chini, akachukua chaki. Akachora ubavu wa ndoo ya kwanza: juu mpana, chini mwembamba. Kando yake akachora wa pili, juu mpana, chini mwembamba. Kati ya vile vipande kulibaki nafasi kubwa.

"Mbona vyote vinatazama juu?" Shangazi aliuliza.

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Kwa nini?"

Fundi alijikuna kichwa. Kwa kweli hakuwahi kujiuliza. "Mwalimu wangu alitumia mabati yenye maua, yanatoka kiwandani yamechorwa. Ukigeuza kipande, ndoo inakuwa na maua yanayoning'inia kichwa chini. Wateja wanakucheka."

Mama Pacha aliinama, akalipapasa bati lile. Lilikuwa jeupe na laini tupu.

"Baba Pacha, maua ya hili yako wapi?"

Fundi alitazama bati, akamtazama mkewe. Akapiga paja lake. "Hakuna! Rangi unapaka wewe, tena ndoo ikishakamilika. Miaka yote hii nayaheshimu maua ya watu wengine!"

"Mazoea yana taabu, shemeji," Shangazi alisema, naye mbavu hana. "Kitambaa kina juu na chini. Wakati mwingine sina la kufanya. Lakini bati lako haliulizi kichwa kiko wapi. Mbona unalinyima raha?"

"Na nikikosea? Bati moja likiharibika, tumekwisha."

"Usianze na bati. Anza na karatasi. Karatasi ikiharibika, hatuweki matanga."

Walikata karatasi zenye umbo la kila sehemu ya ndoo. Wakazipanga juu ya bati kama watoto wanaocheza.

"Anza na vipande vikubwa," Shangazi alieleza. "Kimoja kitazame juu, kinachofuata kitazame chini. Ona vinavyolaliana! Sasa vitako vya duara viweke penye nafasi. Usikate chochote mpaka bati zima limejaa michoro."

"Na vipande vya kushikia mpini?" Mama Pacha aliuliza.

"Hivyo toa kwenye rundo. Usiguse bati jipya kwa ajili ya kitu kidogo."

Fundi alisogeza karatasi huku na huku. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Nane," alisema polepole. Kisha kwa sauti: "Mama Pacha, nane! Bati moja, ndoo nane!"

"Nane mara tano," Mama Pacha alisema, na uso wake ukachanua, "ni arobaini kamili."

Nyundo ikaanza. Ko! ko! ko! Fundi alichora kwanza, akakata baadaye. Mama Pacha alilichambua rundo. Vipande vya kufaa alivipanga kwenye makasha mawili, vikubwa na vidogo, na makasha akayaweka juu ya rafu, mbali na mikono ya pacha. Vile visivyofaa kabisa alivitia guniani, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Huko huyeyushwa vikawa chuma kipya. Ua ukafagiwa, na pacha wakapata mahali pa kukimbilia.

Siku ya ahadi muuguzi alifika na mkokoteni. Alijaza ndoo moja maji, akainyanyua, akatazama chini yake. Hakuna tone.

"Kazi safi," alisema. "Nilisikia mabati yameadimika, nikajua mtanipa nusu."

"Mabati yaliadimika kweli," Mama Pacha alijibu. "Sisi tuliacha kuyatupa."

Muuguzi alicheka. Akamgeukia fundi. "Tunafungua wodi ya watoto. Tutahitaji ndoo nyingine, ndogo kidogo. Lakini nimesikia unahama. Nikija tena, nitakukuta?"

Fundi alikuwa amembeba pacha mmoja begani. Mwingine alikuwa anapanda mguu wake kama mti.

"Nipo, dada," alisema. "Niende wapi?"