Nusu Kikombe

Likizo hiyo ya Agosti, Nabwire alikuwa na kazi moja tu: kumtunza dada yake, Shantel, mpaka Mama arudi kutoka sokoni Mautuma alikouza mboga. Shantel alikuwa na miaka kumi na tisa, na miguu yake haikuwa na nguvu tangu azaliwe. Alichambua maharagwe, alishona vitambaa, alijisomea. Kwenda chooni tu ndiko kulikomshinda. Choo kilikuwa nyuma ya mahindi, na mvua ikinyesha, kiti cha magurudumu kilinasa topeni, Nabwire akasukuma mpaka mikono ikafa ganzi.

Wiki ya pili akagundua ujanja. Mama aliacha jagi limejaa maji kila asubuhi. Nabwire akawa anammiminia dada nusu kikombe, yanayobaki anawapa kuku. Safari tano za chooni zikawa mbili. Shantel hakulalamika, basi Nabwire akajiambia kwamba hana kiu.

Alhamisi Shantel aliamka na homa, tumbo likimuuma. Kwenye zahanati muuguzi alipima mkojo, akasema ameambukizwa, na ugonjwa ukifika kwenye figo itakuwa hatari. Aliuliza kama mgonjwa hunywa maji ya kutosha. Mama akaapa kwamba jagi zima huisha kila siku. Muuguzi akashangaa, akaanza kuandika barua wapelekwe hospitali ya Kakamega wakatafutiwe chanzo kingine cha ugonjwa.

Nabwire aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mimi ndiye niliyemnyima maji," akasema. "Nilichoka kusukuma kiti."

Shantel ndiye aliyejibu.

"Nilijua. Nilikusikia ukiwaita kuku. Niliogopa nikiomba zaidi utanichukia."

Nabwire akalia pale pale mbele ya watu.

Kwa dawa na maji mengi, homa ilishuka baada ya siku nne. Fundi akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu na ndoo chini yake, kikawekwa chumbani nyuma ya pazia. Mama akawakalisha mabinti wake.

"Nilikosea kukuachia kazi hii bila kuuliza kama unaiweza," alimwambia Nabwire. "Lakini ukichoka, niambie. Usipumzike kwa kumtesa mwenzako. Nawe Shantel, maji ni haki yako kama sisi. Yaombe."

Nabwire aliomba msamaha. Shantel alisema amemsamehe, ila hasira bado haijaisha.

"Hiyo pia ni haki yako," Mama akasema.