Jino Lisilouma la Marit

Kila asubuhi Marit Tesch huvaa buti nyeupe na kofia ya wavu, kisha huingia kazini katika kiwanda cha jibini cha mzee Verlyn Zastrow. Hapo ni Wisconsin, jimbo la ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo asiyekula jibini huombewa. Kazi ya Marit ni kubeba na kupanga matofali ya jibini. Kila tofali lina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, ila halipigi kelele.

Mwaka huo Verlyn alitaka kumchagua mtu mmoja ili amfundishe kutengeneza jibini. Alisema anataka mtu asiyekosa kazini. Marit aliitamani sana nafasi hiyo.

Ndipo dada yake, Linnea, akaja na ombi. Linnea aliugua saratani alipokuwa msichana. Dawa zilimponya, lakini ziliharibu mayai yake ya uzazi. Daktari alisema anaweza kubeba mimba, mradi apate mayai ya mwanamke mwingine.

"Una haki ya kukataa," Linnea alisema.

"Kama unataka gari langu, nakataa."

"Nataka mayai yako."

Marit alikubali papo hapo, kahawa ikiwa bado ya moto mezani. Hofu ilikuja baadaye.

Kliniki ilimpima, ikamweleza hatari zote, kisha ikampa dawa. Kila jioni alijidunga sindano tumboni, ili mayai mengi yakomae pamoja. Asubuhi kadhaa ilimbidi aende kupimwa damu na kupigwa picha ya altrasaundi. Marit aliwaza: nikisema ukweli, Verlyn ataniona mgonjwa, na nafasi itaniponyoka. Basi akasema, "Bosi, jino linanisumbua. Nitachelewa asubuhi kadhaa."

Watu wa pale hawamwulizi mtu habari za mwili wake. Humpikia tu. Kesho yake Marit alikuta supu ya viazi mbele ya kabati lake la kazini. Kisha yakaja matufaha yaliyopondwa. Kisha mwenzake Duane akaleta bakuli la tambi laini.

"Meza tu, dada, usitafune. Ni jino la upande gani?"

"Huu," Marit alisema, akishika shavu.

Siku iliyofuata aliulizwa tena. Akashika shavu la pili.

Nyumbani, mama yake, Arlene, aliziweka dawa kwenye friji, karibu na haradali. Alikuwa na hofu kuliko Marit mwenyewe.

"Muuguzi alikukataza kuinua vitu vizito. Leo umeinua?"

"Nimeinua. Ningekataa vipi? Jino halizuii mikono."

"Si ungesema mgongo!"

"Sikufikiria, mama!"

"Uongo nao una akili zake, mwanangu. Wewe huna."

Marit hakucheka. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa na kukaza. Usiku aliwaza juu ya Linnea, aliyekwisha kupaka rangi chumba kidogo ingawa alidai ni cha kushonea. Linnea hajui kushona.

Ijumaa lori lilikuja kuchukua mzigo. Marit aliinua tofali moja, akainua la pili. Maumivu makali yakamchoma upande wa chini wa tumbo. Akakaa chini, jasho likimtoka ndani ya chumba cha baridi.

"Ni lile jino?" Duane aliuliza.

"Ndilo."

"Mbona umeshika tumbo?"

"Limeshuka," Marit alisema, akaondoka.

Alimpigia simu muuguzi wake, Pilar. "Njoo sasa hivi," Pilar akamwambia, "na usiendeshe gari mwenyewe." Mama alimpeleka. Njiani Marit alirudia neno moja tu moyoni: nimeharibu.

Daktari alitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema hakuna kilichoharibika. Marit akalia.

"Sikiliza," Pilar alisema. "Dawa hizi huvimbisha ovari, vile vifuko vya mayai. Ukibeba mizigo, ukikimbia au ukiruka, ovari inaweza kujisokota. Hapo ni upasuaji wa haraka. Bosi wako anajua nini?"

"Anajua jino."

Pilar alijitahidi asicheke. "Si lazima umwambie kila kitu. Mwambie unatibiwa, hutakiwi kubeba vizito, na zipo siku hutakuwepo. Siku ya kutoa mayai utapewa dawa ya usingizi, kwa hiyo utahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani. Kesho yake pumzika. Ukiona tumbo linavimba haraka, unakosa pumzi, mkojo unapungua au maumivu yanazidi, tupigie mara moja. Na vipimo tutakuwekea alfajiri, kabla ya zamu."

"Kumbe mnafungua alfajiri?"

"Hukuuliza."

Jumatatu Marit alisimama mbele ya Verlyn. Akasema alivyofundishwa. Mzee akakuna kidevu.

"Na jino?"

"Halikuwepo, bosi. Nisamehe."

"Nilishangaa. Liliuma kulia, likauma kushoto. Nikadhani meno yote yanakwisha." Akafungua daftari la zamu. "Ukiniambia, napanga zamu. Usiponiambia, napanga nini? Njoo kwenye meza yangu ya kupima maziwa. Pale kizito ni kalamu tu."

Hivyo Marit alianza kujifunza kutengeneza jibini, kwa sababu meza ile ndiyo ya kujifunzia.

Siku ya kutoa mayai ilipofika, mama alimpeleka na kumrudisha. Alipozinduka, Marit aliuliza, "Yapo?"

"Yapo, ya kutosha," Pilar alijibu.

Alipumzika. Hakugusa tofali lolote mpaka daktari aliporuhusu. Kisha familia ikangoja. Jaribio la kwanza la kumpandikizia Linnea mimba halikushika, na Linnea alifunga mlango wa kile chumba kidogo. La pili likashika.

Miezi ilipita. Linnea akaja kiwandani kununua jibini na kumsalimu dada yake, tumbo likiwa limetangulia. Duane alilitazama tumbo, akamtazama Marit shavuni. Hakuuliza neno.

Kesho yake, mlangoni kwa Linnea, palikuwa na sufuria mbili za supu ya viazi.